Tovuti Moja, Rangi Mbili

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama katikati ya chumba cha uani, nyumbani kwa mama mkwe wangu, begi langu limefungwa zipu na mke wangu ameshika kiuno.

Kwa aliyeingia leo, nimfupishie. Mimi ni mtengeneza tovuti. Kazini waliniita Bwana Ndiyo, maana sijui kukataa. Mteja akitaka kazi yake kesho, ndiyo. Mwingine akitaka yake leo, ndiyo. Ndiyo zikarundikana mpaka zikaniangukia, nikafukuzwa. Nikaogopa kumwambia mke wangu. Nikawa naaga asubuhi na shati limepigwa pasi, nakwenda kukaa kwenye benchi nje ya maktaba, jioni narudi nalalamikia foleni na bosi. Alivyogundua nimeshaeleza, na kwa aibu niliyoipata kuieleza mara ya kwanza, sirudii.

Tukahamia kwa mama yake.

Sasa, mwanamke mwingine akichoshwa na mumewe hufunga begi lake akarudi kwao. Wangu alikuwa kwao tayari. Kwa hiyo begi alilofunga lilikuwa la kwangu.

"Silifungui," akaniambia. "Kila asubuhi utatoa shati humo, na jioni utalirudisha humo humo. Ukinidanganya tena, hata uongo mdogo wa kitoto, unalibeba na kwenda nalo."

"Ndiyo."

"Usinipe ndiyo zako! Niambie umenielewa."

"Nimekuelewa."

"Siku nikiliamini neno lako, mashati yako nitayatundika kabatini mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa mama mkwe. Akatutazama, akalitazama begi, akajifanya hakuliona.

"Mwanangu," akaniambia, "si ndiyo wewe unayetengeneza haya mambo ya mtandaoni? Kesho njoo dukani. Tunataka tovuti."

Mke wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Nami nikaona mlango wa kutokea umefunguka. Laiti ningejua ni mlango wa kuingilia.

*

Duka lenyewe ni la mapazia. Mama mkwe analiendesha na mdogo wake, ambaye sote tunamwita Mama Mdogo. Waliachiwa na mama yao. Ndani kuna majora ya vitambaa mpaka darini, meza ndefu ya kukatia, na cherehani ya fundi kwenye kona.

Na lina dirisha kubwa la mbele lisilo na pazia.

Mnacheka, lakini ndivyo lilivyo. Duka la mapazia lenye dirisha tupu. Dada alitaka pale patundikwe pazia zito, mdogo akataka shela nyepesi inayopitisha mwanga, wakagombana, na tangu siku hiyo hawasemeshani. Wanakaa humo humo, wanahudumia wateja wale wale, na wakitaka kuambizana neno wanampitishia fundi.

"Fundi," mama mkwe alisema nilipofika, "mwambie huyo mwenzako kijana wa tovuti amekuja."

Mama Mdogo alikuwa hatua moja kutoka alipo.

Fundi hakuinua hata uso. "Amesikia," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Nikafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia. Nina utaratibu wangu: simwulizi mteja anapenda rangi gani, maana kila mtu hujibu bluu. Namwambia alete kitu anachokipenda, nichukue rangi humo. Nikawaomba kila mmoja anikatie kipande cha kitambaa.

Mama mkwe akaweka mezani kitambaa cha damu ya mzee, wekundu ule uliokolea, na pembeni yake kipande cha rangi ya maziwa. Mama Mdogo akaja na kijani cha chupa, na manjano inayowaka.

Vipande vinne vikalala pale mezani, na mimi nikajua hapa hapatoshi.

"Na mpangilio?" nikauliza. "Mtu akifungua tovuti, aone nini kwanza?"

"Pazia moja," mama mkwe akasema. "Moja tu. Limejaa kioo chote, halafu linafunguka taratibu. Mtu ajue ameingia kwa watu wenye heshima zao."

"Fundi," Mama Mdogo akasema, "mwambie dada yangu hakuna anayekuja dukani kuangalia pazia moja. Picha ziwe nyingi, safu kwa safu, kila kitambaa na jina lake. Mtu achague kwa kidole."

"Fundi, mwambie mdogo wangu hiyo siyo tovuti, huo ni mnada."

"Fundi, mwambie dada damu ya mzee ni rangi ya viti vya ofisini."

"Fundi, mwambie mdogo wangu kijani kile ni cha sare za shule."

Fundi akasimamisha cherehani. "Wote mmesikia," akasema. "Naomba nimalizie pindo."

*

Kama mambo yangeishia pale, nisingekuwa na hadithi. Lakini mchana ule ule, nyumbani, mama mkwe akaniita sebuleni. Akanimiminia chai mwenyewe. Mama mkwe akikumiminia chai kwa mkono wake, na wewe unalala chini ya paa lake, ujue unatakiwa kitu.

"Mwanangu, mimi siyo mtu wa makuu," akaanza. "Lakini damu ya mzee ndiyo rangi aliyoanza nayo marehemu mama. Jora lake la kwanza kabisa. Utanifanyia hivyo, eti?"

Nilitaka kumwambia tuwaite wote wawili tuzungumze. Nilikuwa nalo neno, liko kwenye ncha ya ulimi. Akanisogezea sukari.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Kesho yake Mama Mdogo akaniomba nimshikie ngazi stoo. Akapanda, akaanza kunishushia majora, moja, jingine, jingine tena, mpaka nikawa nimekumbatia mzigo unaofika kidevuni na sina pa kupita.

Ndipo akaanza kuongea, akiwa kule kule juu.

"Mkwe wangu, mimi tangu nizaliwe ni mdogo. Dada ndiye anayechagua. Kitambaa, wateja, hata dirisha. Nilichokichagua mimi katika duka hili ni hicho kijani tu, na kinauzwa kuliko vyote. Nikikosa na kwenye tovuti, basi. Tujengewe ukuta hapo katikati, kila mtu na upande wake, na fundi achague pa kukaa."

"Mama Mdogo, haya majora..."

"Nijibu kwanza. Itakuwa kijani?"

Majora yalikuwa yananielemea. Mnaweza kusema ndiyo yaliyonisemesha, mimi najijua.

"Ndiyo," nikasema.

Mshika mawili moja humponyoka, hilo nalijua tangu utoto. Lakini mimi nilijiona mjanja. Tovuti siyo jengo la matofali. Nikatengeneza mbili. Moja ya damu ya mzee, pazia kubwa linafunguka kwa madaha. Nyingine ya kijani, picha safu kwa safu, majina ya vitambaa kwa manjano. Mama mkwe nikamtumia linki yake, Mama Mdogo nikamtumia yake. Zilikuwa za majaribio tu, waonje, kila mmoja atulie, halafu nitafute namna ya kuwakalisha pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na kusema kweli, zilikuwa tovuti nzuri.

*

Asubuhi iliyofuata niliingia dukani roho ikiwa juu juu. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya mdogo wake. Nikadhani yamelipuka.

"Mdogo wangu," akasema. Hakumpitia fundi. "Nimeiona. Asante kwa moyo wako."

Mama Mdogo akaacha mkasi. "Asante wewe, dada. Sikutegemea."

"Hata mimi sikutegemea."

Wakakumbatiana. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akawatazama upya kama mtu asiyeamini.

Nilielewa palepale. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyekubali kushindwa. Na kwa kuwa kila mmoja alijiona mshindi, kila mmoja akawa na huruma ya mshindi. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawakusema nyasi zifanye nini fahali wakipatana kwa sababu ya uongo wa nyasi zenyewe.

Wakaanza kucheka. Wakaanza kukumbushana utoto. Mama mkwe akamwekea mdogo wake mto kwenye kiti. Mama Mdogo akamletea dada yake maua ya kuweka mezani. Fundi akawa anashona siku nzima bila kutumwa ujumbe hata mmoja, mpaka akaniambia anajihisi kama amefukuzwa kazi ya pili.

Na nyumbani nikamkuta mke wangu amekaa kitandani, begi langu liko wazi mapajani mwake.

Nikasimama mlangoni.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Mama yangu na mama yangu mdogo wamekula pamoja leo. Unajua mara ya mwisho walikula pamoja lini? Hata mimi sikumbuki." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Umewafanya nini?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Wasomaji wangu, msinitetee. Alikuwa ameniuliza vizuri, kwa sauti ya chini, na hakuna mtu aliyenishikia chai wala majora.

"Niliwasikiliza tu," nikasema.

"Kweli? Ni hivyo tu?"

"Ndiyo."

Akanyanyuka. Akatoa shati la kwanza kwenye begi, akalikung'uta, akalitundika kabatini. Akatoa la pili. Kila shati lililoingia kabatini nililiona kama msumari. Alipomaliza akalikunja begi tupu, akalisukuma uvunguni, akaniegemezea kichwa begani. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na nilitamani ardhi ipasuke.

*

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Nilipanga kumwambia mama mkwe kwanza. Nikaenda dukani nimejiandaa, nimejisemea maneno njiani kama mwanafunzi anayekariri. Nikamkuta Mama Mdogo ananyoosha mkono.

"Dada, niazime simu yako. Yangu imezima, nataka kumwonyesha mteja huyu tovuti yetu."

Mama mkwe akawa anaitoa simu mfukoni.

Sijui miguu ilinifikishaje. Nilijikuta nimeishika ile simu kabla ya Mama Mdogo, watu watatu wananitazama.

"Iko kwenye marekebisho!" nikasema. "Ukifungua sasa hivi itaharibika."

"Itaharibika kwa kuangaliwa?" mteja akauliza.

"Ndiyo."

Ilikuwa ndiyo ya kijinga kuliko zote nilizowahi kutoa, lakini watu wana heshima na mambo wasiyoyajua. Nikamrudishia mama mkwe simu, akaitia mfukoni polepole, kama imebeba yai. Nikakimbilia stoo, nikazizima tovuti zote mbili kwanza nipumue.

Sikuwa nimemaliza kupumua, mama mkwe akanifuata. Akafunga mlango wa stoo nyuma yake.

"Mwanangu, nina jambo. Usimwambie mtu."

"Ndiyo, mama."

"Mdogo wangu amenikubalia damu ya mzee bila neno. Bila hata neno moja! Mimi huyu, ambaye sijawahi kumwachia hata dirisha. Nimeona aibu." Akajifuta jicho kwa pindo la kitambaa. "Ibadilishe. Iwe kijani chake, na hizo picha zake za mnada. Siku ya kuizindua ataona mwenyewe. Nataka nimshangaze."

Nikataka kucheka, nikataka kulia. Nimepona! Kama mama mkwe mwenyewe anataka kijani, na Mama Mdogo anataka kijani, kuna tatizo gani tena? Uongo wangu ulikuwa umejigeuza ukweli wenyewe. Nikamwitikia ndiyo kwa moyo mweupe, ya kwanza tangu nianze kazi ile.

Nilitembea kama mtu aliyetua gunia. Nilimsalimia fundi mara mbili. Furaha yenyewe ilidumu mpaka Mama Mdogo alipotoka kununua vocha, akarudi, na kunivuta nje kwenye kivuli cha ukuta.

"Mkwe wangu, dada amenipa kijani changu," akasema. "Silali kwa kumwaza. Mtu mzima vile, ameiacha rangi ya mama yetu kwa ajili yangu. Ibadilishe, iwe damu ya mzee. Na lile pazia lake moja. Usimwambie, nataka nimwone uso."

Nilimtazama tu.

"Mbona umenyamaza? Haiwezekani?"

Ilitosha kusema mwambie dada yako mwenyewe. Maneno manne. Mtoto mdogo angeyasema.

"Inawezekana," nikasema. Nikaona hata hiyo ni ndiyo iliyovaa shati jingine.

Sasa fuateni mahesabu yangu. Nikiweka kijani, Mama Mdogo atasema mbona sijabadilisha, si ilikuwa kijani tangu mwanzo? Na mama mkwe atashangaa, ilikuwa kijani lini? Nikiweka damu ya mzee, ni hivyo hivyo kwa kinyume. Ile zawadi ya kila mmoja ndiyo ingemfichua mwingine, na wote wawili wangenigeukia mimi. Wangerudi kwenye ukuta wao wa katikati, safari hii na sababu kubwa kuliko dirisha.

Nilijaribu kuzichanganya. Nusu damu ya mzee, nusu kijani, maandishi ya manjano. Ilionekana kama jezi ya timu inayoshuka daraja. Nikajaribu pazia kubwa likifunguka nyuma yake zitokee zile picha za safu. Huo mpangilio, niwaambie kweli, ulikuwa mzuri kuliko yote miwili, na laiti tungekaa mezani mwanzoni tungeufikia wote watatu. Lakini mpangilio hauna neno kwa mtu aliyeahidiwa rangi.

Mwisho nikafanya kile kile nilichokizoea. Nikaziwasha tena tovuti zote mbili, nikapishanisha linki. Ya mama mkwe ikawa kijani, ya Mama Mdogo ikawa damu ya mzee. Kila mmoja akafungua yake kwa siri, akaniita pembeni, akanibariki.

Nilijua kuna siku ya uzinduzi. Nikawa naiwazia kama mtu anavyowazia jino bovu, kwamba labda litapona lenyewe.

*

Mke wangu ndiye aliyeupanga uzinduzi. Nilimkuta anapiga pasi, shati langu jeupe, anaimba kwa sauti ya chini.

"Nimeazima televisheni kubwa kwa jirani," akasema. "Tutaiweka kwenye dirisha la mbele, hata wapita njia waone. Majirani wanakuja, wateja wanakuja. Mama na Mama Mdogo watasimama pamoja, tutafunua, na tovuti itaonekana hapo."

Televisheni moja. Kioo kimoja. Nilikaa kwenye kiti.

"Mbona jasho?"

"Pasi," nikasema. "Joto la pasi."

Akaisimamisha pasi. Akanitazama muda mrefu kidogo, siyo kwa ukali.

"Kila kitu kiko sawa na hiyo tovuti?"

Nilimwangalia usoni. Nikaliangalia kabati, mlango wake uko wazi, mashati yangu yamepangwa kwa mkono wake. Nikafikiria, nikisema sasa nayakosa yote haya. Sikufikiria kwamba nisiposema nayakosa vilevile.

"Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akaendelea kupiga pasi. Lakini ule wimbo hakuurudia.

*

Siku yenyewe duka lilijaa. Majirani, wateja wa zamani, watoto wamebanwa kati ya majora. Fundi amevaa shati safi, futi yake imening'inia shingoni kama tai. Nilikuwa na kompyuta kwapani na mpango mmoja tu kichwani: umeme ukatike.

Umeme haukukatika.

Nikasogea mpaka kwenye dirisha la mbele. Televisheni ilikuwa hapo, na kwa mara ya kwanza tangu nilijue duka lile, dirisha lilikuwa na pazia. Limetundikwa kwa ndani, limeifunika televisheni nzima, na kamba ya kuvutia ipo pembeni.

Pazia huwa na vipande viwili, kushoto na kulia, rangi moja. Hili kipande cha kushoto kilikuwa damu ya mzee. Cha kulia kilikuwa kijani cha chupa.

Nikamwinamia fundi.

"Fundi," nikanong'ona, "nani amekuagiza pazia la namna hii?"

Fundi akawa anaitafuta sindano ambayo haijapotea. "Mimi nimeshona nilivyoelekezwa," akasema.

Ndipo nilipoliona. Chini ya meza ya kukatia, miguuni pa mke wangu, limekaa begi langu. Si tupu. Limejaa, na zipu imefungwa mpaka mwisho.

Nikajipenyeza mpaka alipo. Alikuwa amevaa vizuri, anatabasamu kwa wageni, na hakuniangalia.

"Niliazima simu ya mama nipige," akasema kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia. "Nikaona tovuti ya kijani. Jana yake Mama Mdogo aliniomba nimchajie yake. Nikaona damu ya mzee. Mimi nimezaliwa chini ya meza hii, mume wangu. Rangi hazinichanganyi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza." Bado anatabasamu kwa wageni. "Nilikuuliza siku natundika mashati, nikakuuliza nikipiga pasi. Mimi nimemaliza maswali yangu. Sasa watakuuliza wenyewe."

"Naomba tutoke nje kidogo, nikueleze..."

"Wageni wamefika," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, tuliimbishwa shuleni. Hatukuambiwa kwamba inaishia mbele ya majirani.

Mama mkwe akapiga makofi, watu wakanyamaza. Alikuwa amemshika mdogo wake mkono, vidole vimefumana.

"Sina maneno mengi," akasema. "Hapa kila mtu anajua tulivyokuwa. Leo nina zawadi kwa mdogo wangu, iko nyuma ya pazia hilo."

Mama Mdogo akaruka kidogo. "Dada! Na mimi yangu iko hapo hapo!"

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Wale wawili wakatazamana kwa mshangao mtamu, kila mmoja ana siri, kila mmoja anajiona amemzidi mwenzake kwa wema. Sijawahi kuwaona wazuri vile. Mama mkwe akaligeukia pazia, ndipo alipoliona vizuri.

"Nani kashona pazia la rangi mbili?"

"Mimi nimeagiza, mama," mke wangu akasema.

"Limependeza," Mama Mdogo akasema. "Rangi yako na yangu."

Mama mkwe akanipa kamba mkononi. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Vuta, mwanangu. Ni ile ile tuliyokubaliana, siyo?"

"Ile tuliyokubaliana, eti mkwe wangu?" Mama Mdogo akadakia, akanikonyeza.

Wote wawili wakangoja. Walikuwa wameniuliza swali moja, na jibu lake ni lile lile nililolitoa maisha yangu yote. Nilikuwa nalo tayari mdomoni. Nivute, watu wapige makofi, zipite dakika mbili tatu kabla mtu hajaelewa. Watu wamenusurika kwa dakika chache kuliko hizo.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameinama, mkono wake uko kwenye mshipi wa begi. Hakulinyanyua. Hakuliachia. Alikuwa anasikiliza.

Nikaiachia kamba.

"Hapana," nikasema.

Halikuwa neno kubwa. Lakini lilitoka kwa nguvu nisiyoitegemea, hata watoto wakageuka.

Tabasamu la Mama Mdogo likakaa pale pale usoni bila kuondoka, kama limesahauliwa. Mama mkwe akautoa mkono wake kwenye mkono wa mdogo wake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Alinitazama mimi, akalitazama lile pazia, kushoto, halafu kulia. Mwanamke aliyeuza mapazia maisha yake yote. Nikaona anaanza kuelewa.

Nilifungua kinywa nimweleze. Akainua kiganja kunizuia. Akanipa mgongo, akaielekea kona ya cherehani.

"Fundi," akasema, "muulize huyo kijana, hapana nini?"